Selenium na mlango wa zamani ulioachwa wazi

Wengi wetu tunaojaribu tovuti kwa programu tunaifahamu Selenium, lakini si wengi wanaojua kwamba ilianza kama JavaScript tupu, bila uwezo wa kukiongoza kivinjari kutoka nje.

Mwaka wa 2004 Jason Huggins alikuwa akifanya kazi ThoughtWorks mjini Chicago, kwenye programu ya ndani ya kampuni ya kujaza saa za kazi na gharama. Kurudia fomu ile ile kwa mkono katika kila kivinjari ni kazi ya kuchosha, basi akaandika skripti inayoingia ndani ya ukurasa wenyewe na kubonyeza kwa niaba ya mtu. Jina nalo ni utani: kampuni iliyotamba kwa kuuza programu za majaribio iliitwa Mercury, yaani zebaki, na selenium ni elementi inayopunguza makali ya sumu ya zebaki. Wanaprogramu bwana!

Ila mgeni hufuata sheria za nyumba. Kivinjari hakiruhusu skripti ya tovuti moja kuchungulia tovuti nyingine. Sheria hiyo inailinda akaunti yako ya benki, lakini kwa Selenium ilikuwa pingu. Ilibidi uiweke kwenye seva ile ile ya tovuti unayoijaribu. Selenium RC ilikwepa kwa kuweka proksi katikati, kivinjari kikaamini kwamba vyote vinatoka mahali pamoja.

Simon Stewart akaja na WebDriver, inayokiongoza kivinjari kutoka nje kama mtu mwenye kipanya. Miradi hiyo miwili ikaungana, Selenium 2.0 ikatoka mwaka wa 2011, na mwaka wa 2018 W3C ikaifanya WebDriver kiwango rasmi.

Hata hivyo mlango wa zamani haukufungwa. Unaitwa executeScript. Skripti unayoituma hufungwa ndani ya fanksheni na kuendeshwa ndani ya ukurasa. Usipoandika return, hurudishiwi kitu.

Hapo ndipo pana mtego. Ukiiambia WebDriver ibonyeze kitufe kilichofunikwa na tangazo, itakataa, kwa sababu hata mteja asingekifikia. Skripti haijali, inakibonyeza tu. Jaribio linapita huku mteja amekwama kwenye ukurasa wa malipo! Mimi executeScript naitumia kusoma tu, kwa mfano kujua ukurasa umeteremshwa hadi wapi. Kubonyeza naiachia WebDriver.