Uvimbe wa maji kwenye ini kwa wazee wetu: kabla ya kisu, uliza haya



Swali hili nimeulizwa sana na ndugu wa Handeni na Korogwe. Mzee kapigwa ultrasaundi kwa tatizo jingine kabisa, majibu yanarudi yameandikwa ana kifuko cha maji kwenye ini. Hapo nyumbani hakulaliki. Mmoja anasema kansa, mwingine anasema katupiwa jambo, wa tatu keshaanza kutafuta mteja wa ng'ombe ili mzee akapasuliwe.

Mie si daktari, ila suala hili nimelifuatilia. Swali la kwanza sio "atapasuliwa lini?" Swali la kwanza ni "hiki ni kifuko cha aina gani?"

1. KIFUKO CHA KAWAIDA
Ni kimfuko chembamba chenye maji tu ndani. Huonekana zaidi kadiri umri unavyosogea, hasa kwa akina mama. Sio kansa. Wengi hawasikii chochote, na asiyesikia chochote kwa kawaida hahitaji tiba. Kinachotibiwa ni kile kikubwa kinacholeta maumivu upande wa kulia, tumbo kujaa au kushiba haraka.

Hapo kuna njia mbili zisizohitaji kupasua tumbo zima. Ya kwanza ni sindano: daktari anaongozwa na ultrasaundi, ananyonya maji, kisha anaweka dawa kama spiriti maalum ya kukausha ukuta wa kifuko. Kunyonya peke yake hakutoshi, maji hujaa tena. Ya pili ni matundu madogo na kamera, ambapo kipande cha ukuta wa kifuko hukatwa. Hii inahitaji usingizi kamili, wakati sindano mara nyingi hufanyika kwa ganzi. Kwa mzee mwenye presha au moyo, tofauti hiyo ni kubwa.

2. KIFUKO CHA TEGU WA MBWA (HAIDATIDI)
Mbwa akila maini au mapafu mabichi ya mnyama mgonjwa hupata tegu. Mayai hutoka na kinyesi chake, binadamu akayameza kwenye maji, chakula au mikono michafu. Ugonjwa huu unajulikana kwa wafugaji wa Turkana, Kenya, na Ngorongoro kwetu. Handeni ina wafugaji wengi, na tangu 2022 familia zilizotoka Ngorongoro zinaishi Msomera. Hauambukizwi mtu kwa mtu, kwa hiyo asinyooshewe mtu kidole. Kifuko hukua taratibu kwa miaka, hivyo mzee wa leo anaweza kuwa aliupata ujanani.

Hapa ndipo penye hatari. Kikitobolewa kiholela, maji yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio wa kuua na kupanda vifuko vipya. Ipo sindano ya kitaalamu, iliyoelezwa na madaktari wa Tunisia mwaka 1986: kutoboa, kunyonya, kuingiza dawa, kunyonya tena. Mgonjwa huanzishiwa albendazoli kabla na kuendelea nayo baadaye, na dawa ya mzio huwa tayari mezani. Kama kifuko kimeungana na njia ya nyongo, dawa haiingizwi. Vifuko vilivyokufa, vigumu, mara nyingi huangaliwa tu kwa ultrasaundi.

3. JIPU LA INI
Homa kali na maumivu makali upande wa kulia ni habari nyingine. Usisubiri, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

PA KWENDA
Anzia hospitali ya wilaya Handeni, au Magunga pale Korogwe. Rufaa huenda Bombo, Tanga, na zaidi ya hapo KCMC au Muhimbili, ambako mafunzo ya tiba za sindano zinazoongozwa na picha yalianza 2018. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, Sera ya Wazee ya 2003 ilimtambua kwa matibabu bila malipo. Ulizia ustawi wa jamii kabla ya kuuza ng'ombe.

MUULIZE DAKTARI
- Ni aina gani, na mmejuaje?
- Kikiachwa itakuwaje?
- Sindano inawezekana, na dharura ya mzio mnaimudu?
- Arudi lini kupimwa tena?

Na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini. Ini ni lake, sio la kikao cha ukoo.

Nawasilisha. Wenye uzoefu, karibuni kwenye maoni.