AA, chama kilichokuzwa na waliohama vikao

Jumamosi moja ya Mei 1935, Bill Wilson alisimama ukumbini mwa Hoteli ya Mayflower, mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Biashara iliyomtoa New York ilikuwa imebuma, mfukoni hakuwa na kitu cha maana, na kutoka baa ya hoteli vicheko vilimfikia masikioni. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Akaifuata simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa yaliyoorodheshwa pale ukumbini, akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye.

Simu hizo zilimfikisha kwa mama mmoja wa mjini hapo, Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, aliyekuja kujulikana kama Dk. Bob. Daktari alifika Jumapili jioni, Mei 12, bado akitetemeka kwa pombe ya jana yake, akiwa ameahidi dakika 15 na si zaidi. Walikaa zaidi ya saa sita. Wilson hakumhubiria, alimsimulia tu yaliyomkuta yeye. Juni 10, Dk. Bob alikunywa bia yake ya mwisho, aliyopewa ili mikono yake itulie kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, au AA.

Hata hivyo, vikao vya mwanzo havikumfaa kila mtu. Vilifanyika chini ya Oxford Group, harakati ya Kikristo iliyowataka watu waungame makosa yao mbele ya wenzao. Kundi la Wilson la New York lilijitoa mwaka 1937. Katika mji wa Cleveland, walevi waliokuwa Wakatoliki walibanwa pande mbili: walitaka kupona, lakini kanisa lao halikuridhia maungamo ya aina hiyo. Mei 1939, Clarence Snyder na wenzake wakafungua kikao chao hapohapo Cleveland, wakatumia jina la kitabu kilichokuwa kimetoka Aprili: Alcoholics Anonymous. Huko ndiko utaratibu wa mdhamini ulikotia mizizi, yaani mgeni kukabidhiwa kwa mtu aliyemtangulia kuacha, wa kumpigia simu usiku kiu inapomwamkia.

Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post liliandika habari zao, na mwaka huo wanachama wakapanda kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000. Wingi huo ulileta maswali: mwanamke aingie? Mtu mweusi je? Na asiyeamini Mungu? Vikundi vingine viliweka masharti marefu. Mwaka 1946 Wilson alitangaza kanuni 12 za kuendesha vikundi, na ya tatu ikafuta masharti hayo yote: sifa ya uanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa.

Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi. Chumbani mambo yalikuwa mengine. Kwa hiyo watu waliendelea kufungua vikao vyao. Tayari mwaka 1945, kabla ya kanuni hizo, Wamarekani weusi walikuwa wameanzisha vikundi katika miji kama Washington na St. Louis, zama ambazo ubaguzi uliwazuia kuketi na wazungu. Mwaka 1975 wasioamini walianzisha chao Chicago. Mwaka huohuo Jean Kirkpatrick, msomi wa sosholojia, aliona kuwa mwanamke aliyekwisha kudharauliwa hahitaji kufundishwa unyenyekevu zaidi, akaanzisha Women for Sobriety, nje kabisa ya AA. SMART Recovery, inayotumia mbinu za kisaikolojia badala ya hatua 12 za kupona zinazofuatwa na AA, ikafuata mwaka 1994.

Wapo wanaouita mtindo huu mgawanyiko. Ukiufuatilia, utaona ndio uliokikuza chama. Mwaka 2020, uchambuzi wa tafiti 27 uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, ulionyesha kuwa AA, pamoja na tiba za kuwaelekeza wagonjwa huko, huwasaidia watu kuacha pombe kabisa sawa na tiba nyingine zilizozoeleka au kuzishinda. Lakini haimsaidii aliyekwenda mara moja, akakuta watu asioelewana nao, akaapa kutorudi.

Katika Afrika Mashariki, vikao vya AA vipo, hasa mijini, na nyumba za soba za Zanzibar zimetumia hatua 12 kwa waathirika wa dawa za kulevya. Anayeanza kutafuta aulize mambo machache. Je, kikao ni cha wazi, ambacho hata ndugu anaweza kuhudhuria, au ni cha walevi peke yao? Lugha gani inatumika? Kuna wanawake, kuna vijana? Asikihukumu chama kwa kikao kimoja, aonje kadhaa. Na mtu anayekunywa kila siku kwa wingi amwone daktari kabla ya kuacha ghafla, kwani arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na hata kuua.

Na asiyepata kikao karibu? Kanuni ileile ya tatu inasema walevi wawili au watatu wakikutana ili waache pombe, wanaweza kujiita kikundi. Hawahitaji kibali, jengo wala ada.