Minyororo ya sukari katika seli

Minyororo ya sukari, au glikani, hupachikwa na seli juu ya protini na lipidi zake. Hapa sukari si chakula. Huisaidia protini kukunjika ipasavyo na kudumu bila kuvunjwa, na huziwezesha seli kutambuana. Mimea na binadamu hushiriki kazi hii, na mazao mawili yanayohusishwa sana na miji ya Thika na Ruiru nchini Kenya, nanasi na kahawa, yametoa mifano iliyochunguzwa kwa kina.

Hakuna jeni iliyoandikwa mnyororo wenyewe. Jeni huagiza vimeng'enya, navyo hupokezana kazi, kila kimoja kikiongeza au kukata sukari yake. Katika njia iliyo kuu, seli hutangulia kujenga mnyororo wa sukari 14 juu ya lipidi iitwayo dolikoli: glukosi 3, manosi 9 na N-asetiliglukosamini 2. Protini ingali inaundwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mnyororo mzima huhamishiwa juu yake. Kisha glukosi huondolewa. Protini iliyokunjika vibaya hurudishiwa glukosi moja ili ijaribu tena. Ikishindikana kabisa, huharibiwa. Iliyofaulu huenda kwenye kifaa cha Golgi, kilichoelezwa na Camillo Golgi mwaka 1898, ambako mnyororo hupunguzwa hapa na kuongezwa pale.

Shina la nanasi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokata protini na ambacho hutumika kulainisha nyama. Kila molekuli yake hubeba mnyororo mmoja mfupi wa sukari 6: N-asetiliglukosamini 2, manosi 2, zailosi 1 na fukosi 1. Zailosi hiyo, na jinsi fukosi ilivyoungwa, havipo katika minyororo ya binadamu ya aina hii, hivyo kinga ya mwili huviona vigeni. Mtu aliyekumbana na chavua au aliyeumwa na nyuki huweza kuwa na kingamwili dhidi ya sukari hizi. Akipimwa mzio, majibu huweza kuonyesha mzio wa vyakula vingi ambavyo anavila kila siku bila shida yoyote. Maabara hutumia bromelaini kuzibaini kingamwili hizo, na ni kipimo chenye thamani kubwa, kwa kuwa humwepusha mgonjwa kunyimwa chakula bure.

Ruiru ndiko yaliko makao ya watafiti wa kahawa waliotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Kuta za seli za buni zina protini ambazo sukari zake, hasa galaktosi na arabinosi, huzidi protini yenyewe kwa uzito. Buni ikikaangwa, sehemu ya arabinosi huvunjika. Baadhi ya minyororo inayobaki huyeyuka katika maji ya moto na kuchangia uzito wa kinywaji mdomoni.

Kwa binadamu, makundi ya damu aliyoyaeleza Karl Landsteiner mwaka 1901 ni suala la sukari. Juu ya seli nyekundu, kwenye protini na lipidi vilevile, mnyororo wa kundi O huishia kwa galaktosi iliyobeba fukosi. Ikiongezwa N-asetiligalaktosamini, ni A. Ikiongezwa galaktosi nyingine, ni B. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hizo mbili hutofautiana kwa asidi amino 4 tu, lakini damu isiyolingana huweza kumuua aliyeongezewa.

Bromelaini ina kazi hapa pia. Katika maabara za damu hukata protini zilizobeba asidi sialiki, sukari yenye chaji hasi, juu ya seli nyekundu. Chaji hasi inayozitenganisha ikipungua, seli husogeleana, na hata kingamwili dhaifu za mfumo wa makundi ya damu wa Rh huweza kuzishikamanisha hadi zikaonekana.