Je, programu ya NASA ilitupa shimo la ozoni?

Leo tuache kidogo mambo ya simu na intaneti. Kuna kisa ambacho wanaprogramu hupenda kusimuliana: ati setilaiti ya NASA iliona shimo la ozoni kabla ya mtu yeyote, lakini programu ikazitupa namba zake kwa kuwa zilikuwa ndogo mno. Kisa kitamu, ila si kweli chote. Ukweli wenyewe ndio unaoninyima usingizi.

Kwanza fizikia kidogo. Ozoni ni gesi iliyo juu angani, nyingi ikiwa kati ya kilomita 15 na 35, na ndiyo hutukinga na miale ya jua inayoleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland waliandika katika jarida la Nature kwamba gesi za CFC, zilizotumika katika friji na mikebe ya kupulizia, hupanda hadi huko, huvunjwa na jua na kutoa klorini inayoila ozoni. Wenye viwanda walibisha. Wakati huo hakuna aliyekuwa ameona shimo lolote.

Huko Antaktika, katika kituo cha Halley, Waingereza walikuwa wakipima ozoni tangu miaka ya 1950 kwa chombo cha Dobson, ubunifu wa miaka ya 1920. Chombo hiki hulinganisha miale miwili ya jua, mmoja unaomezwa sana na ozoni na mwingine unaomezwa kidogo. Basi, hiyo tu. Namba ziliandikwa kwa mkono. Kijana Jonathan Shanklin akapewa kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia: kuingiza makaratasi hayo kwenye tarakilishi. Alikusudia kuwaonyesha wageni wa taasisi kwamba ozoni haijabadilika; grafu ikakataa. Kila Oktoba namba zilikuwa zikishuka, kutoka takriban vipimo 300 vya Dobson miaka ya 1960 hadi chini ya 200 mwaka 1984. Mkubwa wake, Joseph Farman, hakukimbilia kutangaza. Walileta chombo kingine, nacho kikasema yaleyale. Mei 1985, pamoja na Brian Gardiner, wakachapisha.

Je, NASA walikuwa wapi? Setilaiti yao, Nimbus 7, ilikuwa angani tangu 1978. Programu yake haikufuta kitu. Iliziwekea tu alama ya shaka namba zote zilizo chini ya 180, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima namba ndogo hivyo. (Ni sharti la mstari mmoja, ndugu zangu. Wangapi kati yetu hatujaandika kama hilo?) Mwaka 1984 wataalamu waliona alama hizo zimerundikana juu ya Antaktika, Oktoba 1983. Wakafanya jambo la busara: wakalinganisha na kituo cha ardhini cha Marekani kwenye Ncha ya Kusini. Kituo kikasema takriban 300, hali ya kawaida. Kumbe chombo cha kituo hicho ndicho kilichokuwa kimewekwa vibaya! Walipokuwa tayari kuzungumza, katika mkutano wa Prague wa Agosti 1985, Waingereza walikwisha wapita.

Hata hivyo, ramani za setilaiti ndizo zilizoonyesha kwamba shimo lina ukubwa wa bara zima. Mwaka 1986 Susan Solomon aliongoza msafara wa kutafuta chanzo, na ushahidi ukaelekea kwenye klorini, ikisaidiwa na mawingu ya barafu ya huko juu. Tarehe 16 Septemba 1987 Mkataba wa Montreal ulitiwa saini. Sekretarieti yake iko hapa kwetu Nairobi, Gigiri, ingawa ni Wakenya wachache wanaojua. Kigali nayo, mwaka 2016, iliongeza gesi za HFC za friji na viyoyozi, ambazo haziharibu ozoni ila hupasha dunia joto.

Mwaka 2018 namba zilikataa tena: gesi ya CFC-11, iliyopigwa marufuku, haikuwa ikipungua kwa kasi iliyotarajiwa. Mwaka 2019 watafiti walifuatilia sehemu kubwa ya ongezeko hilo hadi mashariki mwa China, na baadaye utoaji huo ukapungua. Wanasayansi wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarudi katika kiwango cha 1980 ifikapo takriban 2066.