Mfupa Kooni: Historia ya Mikono Inayookoa Mtu Aliyepaliwa

Leo tunaleta historia ya jambo ambalo kila jamaa inaweza kulipata ikiwa imeketi kwenye sahani: mtu kupaliwa. Anakula bukari na mikebuka, anaongea, anacheka. Ghafla ananyamaza. Mikono inashika shingo, macho yanatoka, hakohoi wala hasemi. Wengine wanapiga makelele, mmoja anakimbilia maji.

Mtu aliyezibwa koo kabisa hana muda. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hivi unaanza kuharibika. Kwa dakika nne hakuna pikipiki inayomfikisha hospitali, wala mtumbwi wenye mota. Atakayemwokoa ni yule anayekula naye. Tutaona kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Mtakatifu wa koo

Wakatoliki wanamjua Mtakatifu Blaise, askofu wa Sebaste, mji ambao leo uko katika nchi ya Uturuki. Aliuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya nne. Masimulizi yanasema mama mmoja alimletea mtoto aliyekuwa akifa kwa mfupa wa samaki kooni, naye akamwombea, mtoto akapona. Ndiyo sababu kila tarehe 3 Februari padri hushika mishumaa miwili iliyopishana kama msalaba, akaisogeza shingoni mwa waamini na kubariki koo zao. Hata watu wa kale, basi, waliogopa mfupa kooni kama sisi wa ziwani tunavyouogopa.

Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa Mapadri Weupe, walipokea Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakafungua misioni ya Kirungu, ambayo Wabelgiji waliiita Baudouinville. Wakati ule waganga wa hospitali walikuwa wachache mno. Ng'ambo ya pili ya ziwa, kule Karema, karibu uso kwa uso na Moba, alifika mwaka 1889 Adrien Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Lakini mganga mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuwa kwenye kila jiko. Mtu akipaliwa katika kijiji cha mbali, jirani ndiye mganga.

Mezani Marekani

Ulaya na Marekani nao walikuwa wakimpiga mgongoni mtu aliyepaliwa, na wengine walimtia vidole kooni. Mwaka 1963 mganga wa Florida, Roger Haugen, aliandika juu ya watu waliokufa ghafla katika mikahawa. Wote walidhani moyo wao umesimama. Walipochunguzwa, alikuta kipande cha chakula kimeziba njia ya hewa. Watu walikuwa wamekaa nao meza moja, wakatazama tu.

Mwaka 1974 mpasuaji wa mji wa Cincinnati, Henry Heimlich, alitoa wazo jipya. Alisema katika mapafu ya mtu aliyepaliwa bado mna hewa. Ukikandamiza tumbo chini ya mbavu kwenda juu, hewa ile inatoka kwa nguvu na kusukuma kilichoziba, kama kifuniko cha chupa kinavyoruka. Alijaribu kwanza kwa mbwa waliolazwa usingizi, kisha akaandika katika jarida la waganga mwezi Juni.

Magazeti yakaeneza habari hiyo. Siku chache baadaye, karibu na Seattle, mzee mmoja aliyestaafu alisikia jirani yake anaita msaada: mke wake amepaliwa. Mzee yule hakuwa mganga. Alikuwa amesoma gazeti tu. Akafanya kama lilivyoandika, na mama yule akapona. Sisi wa habari tunaipenda sana sehemu hii ya historia, maana inaonyesha kwamba maneno machache yaliyoeleweka vizuri yanaweza kufanya kazi kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Ubishi wa waganga

Heimlich hakutosheka hapo. Alisema kupiga mgongoni kunaua, maana kunashusha kipande chini zaidi. Mwaka 1985 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alimuunga mkono, na kwa miaka mingi kule walifundisha kukandamiza tumbo peke yake. Lakini wengine walipochunguza waliona kwamba kupiga mgongoni pia kunasaidia, na njia moja ikishindwa nyingine inaweza kufaulu. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukarudisha mapigo ya mgongoni mwaka 2006. Mwaka 2025 shirika la moyo la Marekani nalo likafundisha hivyo: mgongo mara tano, tumbo mara tano.

Heimlich alitaka pia njia yake itumiwe kwa mtu aliyezama majini. Hapo waganga walimkatalia, na sisi watu wa Tanganyika tulishike sana jambo hili. Aliyetolewa ziwani bila kupumua anahitaji kupulizwa hewa mdomoni na kukandamizwa kifua. Kumkamua tumbo kunapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia katika mapafu.

Mwezi Mei 2016, akiwa na miaka 96, Heimlich mwenyewe alimwokoa mama aliyepaliwa kwenye meza yake katika nyumba ya wazee alimokaa. Akafariki Desemba ya mwaka uleule.

Tufanye nini leo

Mtu akikohoa kwa nguvu au akisema, mwache akohoe. Kohozi lake linashinda mikono yako. Usimpe maji wala tonge la bukari la kusukumia, kwa maana linaweza kuongeza kizuizi. Mfupa ukimchoma koo lakini anapumua, mpeleke kituo cha afya.

Akishindwa kusema, kukohoa na kupumua, mtu mmoja aite msaada. Wewe mwinamishe mbele, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, ishike kwa mkono wa pili, uvute ndani na juu mara tano. Rudia mgongo, rudia tumbo. Mama mwenye mimba, au mtu mnene usiyeweza kumzunguka, mkandamize kifuani badala ya tumboni.

Mtoto asiyefikisha mwaka usimkamue tumbo kabisa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kidogo, umshike taya. Mpige mgongoni mara tano kwa kiasi. Mgeuze, umkandamize kifua mara tano. Rudia.

Akizimia, mlaze chini uanze kukandamiza kifua, na kila mara utazame mdomoni. Toa kile unachokiona tu. Usitafute kwa kidole gizani, utakisukuma ndani. Aliyekandamizwa tumbo, hata akipona, aonwe na mganga, kwa maana anaweza kuumia ndani. Na mtoto aliyepaliwa na karanga, kisha akaendelea kukohoa au kupumua kwa mluzi, apelekwe hospitali hata kama anacheza.

Katika jamaa zilizohama, mara nyingi dada au kaka mkubwa ndiye anayewalisha wadogo wakati mama yuko kutafuta. Huyo ndiye wa kufundishwa kwanza. Mketishe leo jioni kabla ya chakula, umwonyeshe mahali pa kupiga na mahali pa kuweka ngumi. Mwonyeshe tu, asivute kwa nguvu mtu asiyepaliwa. Kisha naye awaonyeshe wenzake.