Uki wa Machakos: Pombe iliyojulikana kwa boma lililoipika

KABLA ya baa, leseni na chupa kufika Machakos, kiwanda cha pombe kilikuwa boma la mtu. Asali ilitoka kwenye mizinga ya wanaume wa boma hilo, maji yalitekwa na wanawake wake, na kinywaji kikachachukia ndani ya vibuyu vilivyopandwa shambani. Aliyekunywa alijua amekunywa kwa nani.

Kinywaji hicho Wakamba hukiita uki. Habari zake za kale zimehifadhiwa katika kumbukumbu za wazee na katika maandishi ya wageni waliofika Ukambani mapema. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wakamba mwaka 1910. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Sweden aliyeishi miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1910, alitoa kitabu kikubwa kuhusu maisha na kazi zao mwaka 1920.

Asali, miwa na tunda la mwegea

Uki ulipikwa kwa asali au kwa maji ya miwa. Kilichoamsha uchachu ni tunda la mti wa mwegea, ambao Wakamba huuita muatini na Wakikuyu muratina. Tunda hilo refu, lenye umbo la soseji, haliliwi bichi kwa kuwa lina sumu. Hupasuliwa, hukaushwa juani, huchemshwa ili uchungu utoke, kisha huanikwa tena. Nyuzi zake zikishalowa katika pombe hubaki na hamira, na zikikaushwa vizuri huweza kutumiwa tena na tena. Boma lililokuwa na matunda yaliyokwisha kutumika halikuwa na haja ya kutafuta hamira kwingine.

Asali iliyochanganywa na maji huwekwa pamoja na vipande vya tunda hilo mahali penye joto, aghalabu karibu na moto, kwa siku chache. Kazi hiyo huhitaji uangalizi, kwani joto likipungua uchachu hulala, na pombe ikicheleweshwa hugeuka siki.

Chungu na kibuyu

Vyombo navyo vilitoka karibu. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, nao walifanya bila gurudumu. Mfinyanzi wa Kikamba alianza na sehemu ya juu ya chungu, yaani mdomo na mabega, akaiacha ikauke kidogo, kisha akaigeuza na kufunga kitako. Baadhi ya wafinyanzi walichora alama kwenye chungu, kila mmoja ya kwake, hivyo chungu kilichofika sokoni kikamtambulisha aliyekifinyanga.

Vyungu hivyo si sawa na mitungi migumu ya Ulaya na Uchina, inayochomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,200 na zaidi hadi udongo wake ukaribie kuwa jiwe. Vya Ukambani vilichomwa kwa moto wa wazi, ambao kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000. Udongo ulioiva kwa joto hilo hubaki na vinyweleo. Maji hupenya polepole, hukauka kwa nje, na yaliyomo ndani hubaki baridi.

Sifa hiyo huufaa mtungi wa maji ya kunywa. Kwa kinywaji kinachohitaji joto ili kichachuke, kibuyu kikavu chenye shingo nyembamba kilifaa zaidi. Chungu kikabaki cha kupikia na kuwekea maji, nacho kibuyu kikawa nyumba ya pombe. Kata iliyochongwa kutokana na kibuyu ilitumika kugawia wanywaji.

Kinywaji cha wazee

Uki haukunywewa na kila mtu wala kila siku. Ulikuwa hasa kinywaji cha wazee. Ulitolewa katika mazungumzo ya mahari, ulimwagwa chini kwa ajili ya aimu, yaani roho za wahenga, na ulilipwa kama faini mbele ya baraza la wazee. Aliyeomba msaada wa majirani shambani aliweza kuwakaribisha kwa pombe baada ya kazi.

Haitakuwa haki kusema kwamba pombe ya zamani haikuleta madhara. Ililevya, na ilitumia asali na miwa ambayo ingaliwa. Hata hivyo, mpikaji na mnywaji walikuwa majirani. Kikitokea kibaya, mlango wa kubisha ulijulikana.

Dini, fedha na sheria

Machakos ilipata kituo cha Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1889, na miaka sita baadaye misheni ya Africa Inland ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo. Misheni hiyo iliwataka waumini waache pombe kabisa. Serikali ya kikoloni nayo ilianza kudhibiti upikaji kwa vibali na faini.

Kiwanda cha bia cha Kenya Breweries kilianzishwa Nairobi mwaka 1922. Pombe ya kienyeji ikapata mshindani wa chupa, nayo yenyewe ikageuka bidhaa ya kuuzwa. Wanawake wengi nchini waliipika ili kupata karo ya watoto, lakini mnunuzi sasa aliweza kuwa mpita njia asiyejua jina la mwenye nyumba. Sufuria, pipa na jerikeni ya plastiki zikachukua nafasi ya chungu na kibuyu.

Baada ya uhuru, Sheria ya Pombe za Kienyeji ya mwaka 1971 iliweka masharti ya leseni, na mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku. Upikaji haukukoma, ulijificha.

Gharama ya kujificha huko ilionekana wazi. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Mnamo Juni 2005, Machakos yenyewe ilizika zaidi ya watu 40 waliokunywa pombe ya aina hiyo, na wengine walipofuka. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Asali na tunda la mwegea, zikichachuka ndani ya kibuyu, haziwezi kuifikisha kwenye kiwango cha kuua. Sumu hiyo ilitiwa na watu waliotaka pombe iwe kali kwa gharama ndogo, wakaiuza bila jina.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyowasilishwa na aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilifuta sheria hizo mbili za zamani. Iliruhusu pombe za kienyeji kwa leseni, na ikaweka masharti kuhusu vyombo vya kufungashia na maandishi ya kumtahadharisha mnywaji. Tangu mwaka 2013 leseni za vileo zimo mikononi mwa kaunti.

Mbegu zisipotee

Mbali na sheria, vyombo navyo vimepata watetezi. Katika kaunti jirani ya Kitui, kikundi cha wanawake cha Kyanika, kikishirikiana na watafiti, kilikusanya mbegu za aina nyingi za vibuyu katika miaka ya 2000, pamoja na majina na matumizi ya kila aina. Kazi hiyo ina maana, kwa sababu mmea usipopandwa hupotea, na mbegu ikipotea, maarifa ya kukausha, kuchonga na kuziba kibuyu hupotea nayo.

Lebo ambayo sheria huitaka leo kwenye chupa hufanya kazi iliyofanywa zamani na alama ya mfinyanzi na mlango wa boma: humwambia mnywaji ni nani atakayejibu. Watu waliozikwa Machakos mwaka 2005 walikosa vyote viwili.