Mauti Bila Mahubiri: Picha za Tindikali za Ulaya katika Karne ya 19

Askari wa jeshi la Napoleon amejiegemeza kwenye jiwe, mkono umeshika shavu. Mbele yake mtu ananing'inia mtini, suruali imeporomoka hadi miguuni. Askari anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Hii ni picha ya 36 katika mfululizo wa mchoraji wa Hispania, Francisco Goya, *Los Desastres de la Guerra*, yaani maafa ya vita. Chini ya picha ya 35 Goya aliandika kwamba haiwezekani kujua sababu ya watu wale kuuawa. Chini ya hii akaandika neno moja tu, *Tampoco*: wala huyu.

Karibu karne tatu kabla yake, mauti ya picha za Ulaya yalikuwa na sura na kazi maalumu. Katika chapa za mbao za Hans Holbein zilizotolewa Lyon mwaka 1538, kiunzi cha mifupa kinamfuata papa, mfalme na mkulima, na kila mmoja anapewa onyo lake. Makala haya yanadai kwamba wachoraji wa tindikali wa karne ya 19 waliyatoa mauti katika mahubiri hayo wakayapa mahali: barabara fulani, mto fulani, chumba fulani. Mtazamaji haambiwi tena ajiandae kufa. Anaulizwa nani amekufa, wapi, na nani alikuwa akitazama.

Ufundi wenyewe ulisaidia. Bamba la shaba hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha bamba likachovywa katika tindikali, ambayo hula shaba pale tu nta ilipoondolewa. Mstari ulioliwa kwa muda mrefu hushika wino mwingi na kutoka mweusi zaidi. Sindano huenda kwa wepesi kama kalamu, na mchoraji aliweza kufanya kazi peke yake bila tajiri wa kumwagiza. Ndivyo Goya alivyoanza mabamba yake mwaka 1810, vita vya Hispania dhidi ya Napoleon vikiendelea, akachora na njaa iliyoua watu Madrid mwaka 1811 na 1812. Chini ya picha moja aliandika kwamba aliyaona hayo mwenyewe.

Lakini kama picha hizo zilikuwa ushahidi, mbona hazikutolewa hadharani? Goya alifariki mwaka 1828, na mabamba 80 yalichapishwa mwaka 1863, miaka 35 baadaye. Dokezo la jibu limo ndani ya picha ya 69. Maiti iliyozikwa nusu imeshika karatasi yenye neno *Nada*, yaani hakuna kitu. Goya aliandika kwamba karatasi yenyewe inasema hivyo. Akademia ya sanaa ya San Fernando iliyochapisha kazi hiyo ikabadilisha maneno kuwa wakati utasema. Badiliko dogo, lakini linaonyesha jinsi picha ya mauti isiyo na faraja ilivyokuwa ngumu kumezwa, hata baada ya mchoraji kuzikwa.

Charles Meryon wa Ufaransa aliyapeleka mauti haya yasiyo na faraja mjini. *La Morgue* ya mwaka 1854 inaonyesha jengo la Paris ambako maiti zisizojulikana ziliwekwa ili watu wazitambue. Wanaume wanabeba maiti iliyotolewa mtoni Seine, mwanamke analia, na juu ya ukuta wa gati watu wameinama kutazama. Ila jicho huchelewa kuwaona, kwa kuwa kuta, madirisha na dohani zinazofuka moshi ndizo zilizojaza picha. Mtu amekufa na mji haujasimama.

Mtu anaweza kupinga kwa kumtaja Max Klinger wa Ujerumani, aliyekirudisha kiunzi cha mifupa katika *Vom Tode* mwaka 1889. Ni kweli, lakini tazama alikokiweka: kimelala juu ya reli ya garimoshi. Mauti ya Klinger yana anwani ya zama zake. Na katika *Tote Mutter*, picha ya sehemu ya pili ya kazi hiyo, kiunzi hakimo kabisa. Mama amelazwa chali, na mtoto mchanga amekaa kifuani pake akitukodolea macho sisi tunaotazama.

Käthe Kollwitz, mchoraji Mjerumani mwenzake, alisoma hoja ya Klinger kwamba sanaa ya weusi na weupe ndiyo inayofaa kwa upande mchungu wa maisha. Mfululizo wake kuhusu wafumaji wa Silesia walioasi mwaka 1844 ulionyeshwa Berlin mwaka 1898. Waamuzi walipendekeza apewe nishani, Kaiser Wilhelm II akakataa. Picha ya mwisho, *Ende*, ni ya tindikali. Maiti zimelazwa sakafuni karibu na kitanda cha mfumi, chombo kilekile kilichokuwa kikiwapa riziki, na mlangoni maiti nyingine inaingizwa.